Uchambuzi wa kisa: mpiga mishale aliyepigiwa hesabu kali, na meza iliyokaribia kuvunjika Mtwara

Kuhusu kisa chenyewe

Kisa hiki kimetokea kwenye kikundi chetu cha mchezo wa kuigiza mezani hapa Mtwara mjini (kikundi kizima tunakiita meza). Wote waliokuwepo wamekubali kiandikwe, kwa sharti kwamba majina yasitajwe, kwa hiyo kazi zao na mtaa nimebadili na kila mmoja namwita kwa nafasi ya mhusika wake: Mpiga Mishale, Dada Ngao, Mwizi, Kleriki (kasisi mwenye uchawi wa kusaidia wenzake), na anayeendesha mchezo namwita Mwenye Meza. Mi nilikuwa Malenga, mwimbaji mwenye uchawi, nimekaa mezani mwanzo mpaka mwisho, na hesabu zote zilizomo humu nimezipiga upya mwenyewe.

Naandika kwa sababu watu wakisikia mchezaji kampigia hesabu mhusika wake mpaka kawazidi wenzake, wanakimbilia kusema huyo mbinafsi, apunguzwe makali au aondoke. Mi nimeona kwa macho yangu kwamba kumpunguza makali sio dawa, na kumkomoa kupitia maadui ndo kunaharibu kabisa, tena wanaoumia ni wengine.

Usuli

Tunacheza D&D (Dungeons and Dragons) toleo la tano, sheria za 2014. Kwa asiyeujua, mchezo huu wa kuigiza mezani ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia dunia na maadui, wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, ukitaka kumpiga adui unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha namba yako, ukifikia namba ya kinga yake umempata, afu unarusha dadu nyingine kujua umemtoa damu kiasi gani. Damu ikiisha kaanguka. Hesabu zenyewe ndo hizo tu, ila humo ndani mna mambo mengi sana.

Kitabu kamili cha mchezaji kilipotoka 2014 kiliandikwa bei ya dola 49.95, na hapo hujaongeza kusafirisha. Huku kwetu sijaona duka linalokiuza. Kwa hiyo kikundi kilianza na zile sheria za bure, zile ambazo tangu Januari 2023 zipo chini ya leseni huria ya Creative Commons, tukaziprinti stationari, tukazitoboa na kuzifunga kwa kamba. Ni sheria nzuri na zinatosha kucheza. Ila zina kitu kimoja ambacho watu hawakitilii maanani: zimepunguzwa. Kila kazi ya mhusika ina tawi moja tu la kubobea, mpiganaji ana tawi moja, mwizi moja, kleriki moja. Na vipaji, yale mambo maalumu unayoweza kuchagua badala ya kuongeza sifa za mhusika kama nguvu, wepesi au akili, mle ndani kipo kimoja tu, cha kukaba watu. Kimoja!

Mpiga Mishale yeye alikuwa na kitabu kamili kwenye tableti yake. Aliomba ruhusa ya kukitumia, Mwenye Meza akamwambia poa mdogo wangu, tumia. Hakuna aliyeona kuna tatizo na kwa wakati ule kweli hapakuwa na tatizo, levo ya kwanza (levo ni ngazi ya mhusika, inapanda kadri mnavyocheza) wote walikuwa wanakufa sawasawa.

Dunia ya kampeni, yaani hadithi ndefu tunayoicheza wiki hadi wiki, aliitunga Mwenye Meza mwenyewe na kwa kweli ni kazi nzuri mno. Ni pwani yenye mji wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa mfano wa Kilwa Kisiwani, na jumba la sultani juu ya mwamba kama Husuni Kubwa, na bara kidogo kuna kilima cha mifupa ambacho kakitoa Tendaguru, kule Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, mmoja amesimamishwa kule makumbusho ana kimo cha mita 13.27 kwenda juu. Kwenye kampeni mifupa ile inaamka. Mtu wa huku akisikia hivyo anakaa vizuri.

Tulikuwa tunakutana Jumamosi baada ya Isha kibarazani, mkeka chini, sinia katikati la kurushia dadu zisipotee, na sahani ya ming'oko pembeni. Seti ya dadu moja kwa watu wote.

Mhusika mwenyewe alivyopangwa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu bila kuelewa huyu mhusika huwezi kuelewa kwa nini dawa ya kwanza ilifeli.

Mpiganaji, binadamu wa ile aina inayoanza na kipaji tangu levo ya kwanza. Pointi zake 27 za kugawa sifa kaziweka kwenye wepesi na uvumilivu, akili na mvuto kaacha chini kabisa. Silaha ni upinde mdogo wa kufyatua kwa mkono mmoja. Mtindo wa kupigana ni wa mishale, unaompa +2 kwenye kulenga. Kipaji cha kwanza ni Crossbow Expert, kinamfanyia mambo matatu: hahangaiki na kupakia, adui akimsogelea puani haimsumbui, na kila akishambulia anapata mshale mmoja wa ziada. Levo ya 4 akachukua Sharpshooter, hiki sisi tunakiita Mlenga Shabaha: anaweza kujipunguzia 5 kwenye kulenga ili akipata aongeze 10 kwenye damu, na pia kujificha kwa adui nyuma ya ukuta hakumsaidii adui kitu ilimradi hajafunikwa mzima. Tawi lake ni Battle Master, lenye mbinu na dadu nne za pande 8 za kuziendeshea, zinazorudi akipumzika kidogo.

Levo ya 5 sasa. Ana mishale mitatu kwa zamu, kulenga +8. Chukua adui wa kinga 15. Bila kujipunguzia anapata asilimia 70, kila mshale wastani damu 6.5, jumla kama 13.7 kwa zamu. Akijipunguzia 5 anapata asilimia 45 tu, ila kila mshale ni 16.5, jumla 22.3. Yani anakosa zaidi na bado anatoa damu nyingi zaidi kwa mbali. Nilitafuta mpaka wapi inalipa, nikakuta mpaka kinga 20 bado kujipunguzia kuna faida kidogo, kuanzia 21 ndo hakulipi. Maadui wa levo ile wenye kinga 21 ni wa kutafuta kwa tochi.

Wenzake kwa adui yuleyule wa kinga 15: Dada Ngao na upanga na ngao, mapigo mawili, 13.7. Mwizi na upinde wake mfupi na pigo lake la kuvizia, mara moja kwa zamu, 11.7. Na wao hawakujenga vibaya! Dada Ngao katumia kila kitu kizuri kilichokuwemo kwenye karatasi alizokuwa nazo. Hakuwa na kingine cha kuchagua.

Kilichotokea

Ishara ya kwanza ilikuwa kilima cha mifupa. Mwenye Meza kaandaa mnyama wa miiba mgongoni, kachukua umbo la yule dainosaria Kentrosaurus wa Tendaguru, namba zake kaazima za dainosaria mwingine wa kitabuni, Triceratops, kinga 13 na damu 95. Alikuwa amemsimulia wiki tatu, nyayo, miti iliyovunjwa, kijiji kilichohama. Kleriki akampa Mpiga Mishale Baraka, ile inayoongeza dadu ya pande 4 kwenye kulenga, jamaa akatumia ule uwezo wa mpiganaji wa kushambulia mara mbili kwenye zamu moja, mishale mitano, mnyama kapoteza zaidi ya nusu. Mzunguko wa pili haukufika kwa Mwizi. Watu walishangilia kweli, mi pia nilishangilia. Mwenye Meza alikunja karatasi yake akasema haya, tuendelee.

Baada ya hapo mapambano yote yakawa hivyo hivyo. Na kuna kitu kingine, zamu yake ilikuwa ndefu: mishale mitatu, kila mmoja anaamua ajipunguzie au asijipunguzie, atumie dadu ya mbinu au asitumie, na dadu zenyewe ni zile zile moja zinazunguka kwenye sinia. Dada Ngao alikuwa anatoka kwenda kuangalia chai na akirudi bado.

Uamuzi wa kwanza aliufanya Mwenye Meza peke yake. Aliona maadui ni dhaifu, kwa hiyo akawakaza. Kwenye magofu ya jumba la sultani akaweka hobigoblini, wale viumbe askari wa mchezo huu, kinga 18, damu akapandisha kutoka 11 hadi 20, na akawaweka nyuma ya kuta za matumbawe, wanachungulia kwenye matundu tu, ambapo kisheria kinga yao inapanda kwa 5 zaidi. Wengine akawatuma wakambane Mpiga Mishale karibu. Sababu yake ilieleweka, nilimuuliza baadae akaniambia, "Kaka, mi nilitaka tu na yeye atoke jasho."

Sasa tazama kilichotokea. Ukuta haumzuii Mpiga Mishale, kipaji chake cha pili kinaufuta. Kusogelewa hakumsumbui, kipaji chake cha kwanza kinalifuta hilo. Zile njia mbili ambazo Mwenye Meza yeyote angezifikiria kwanza ndo hizo hizo mbili ambazo mhusika huyu kazinunulia kinga. Kwake hobigoblini walikuwa na kinga 18 tu. Kwa Mwizi walikuwa na 23. Anahitaji 16 kwenda juu kwenye dadu, asilimia 25, na hata akijificha kwanza ili arushe dadu mbili achukue kubwa, haifiki asilimia 44.

Nakumbuka zamu zake za usiku ule. Ya kwanza kakosa. Ya pili kajificha nyuma ya birika la wudhu la msikiti uliobomoka, karusha mbili, 9 na 12, kakosa. Ya tatu akapata, wote tukapiga makofi, akahesabu dadu zake taratibu kwa kidole, 18. Mwenye Meza akaangalia karatasi, akasema, "Amebaki na 2, anayumba." Zamu iliyofuata ni ya Mpiga Mishale, mshale mmoja, kamaliza, na miwili iliyobaki kaangusha mwingine. Mwizi akaweka penseli chini pembeni ya sahani. Hakusema kitu usiku huo mpaka tunaachana.

Kleriki ndo alianguka, maana hobigoblini wakiwa wawili karibu na mtu wanaumiza vibaya sana na yeye alikuwa mbele akijaribu kumfikia Dada Ngao. Kwa hiyo pambano lililopangwa kumtoa jasho mtu mmoja lilimwangusha mwingine, likamnyamazisha wa pili, na aliyekusudiwa akatoka na damu karibu zote.

Wiki iliyofuata Mwenye Meza akaja na uamuzi wa pili, kukipiga marufuku kile kipaji cha Mlenga Shabaha. Hapo ndo palipowaka. Mpiga Mishale akasema, "Kaka mi niliomba ruhusa mbele ya watu wote, nimefuata sheria herufi kwa herufi, sasa kosa langu ni kusoma?" Dada Ngao akajibu kwa ukali kidogo kwamba wengine hawana tableti. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa. Mwizi akatuma ujumbe kwamba huenda asije tena, msimu wa korosho umeanza na kwao wanamhitaji ghalani. Korosho ilikuwa kweli imeanza, mnada wa kwanza ulishapita, ila sote tulijua sio korosho tu.

Maamuzi yaliyofuata na sababu zake

Kleriki ndo mkubwa kwetu kiumri, tunamwita mjomba, na yeye ndo aliyesema tukutane bila kucheza. Aliweka utaratibu mmoja tu: kila mtu aseme anataka nini kwenye mchezo, asiseme anachomchukia mwenzie. Mpiga Mishale aongee wa mwisho.

Yaliyosemwa hayakuwa tuliyoyategemea. Mwizi hakutaka kutoa damu nyingi. Alichosema ni kwamba alijenga mwizi ili awe yule anayeingia kwanza kwenye nyumba ya watu, ila kwa sababu Mpiga Mishale ana wepesi mkubwa na kajifunza kunyata, kila wakiambiwa nani anaingia wanaingia wawili, na kitu kikiharibika anayemaliza ni Mpiga Mishale. Dada Ngao alitaka kulinda watu, lakini maadui walikuwa wanakufa kabla hawajafika kwa mtu wa kulindwa. Mjomba Kleriki alisema yeye hana shida yoyote, akimpa mtu Baraka na mtu akapiga, yeye anajisikia kapiga. Mwenye Meza alitaka wanyama wake waishi mpaka waseme neno. Na Mpiga Mishale, zamu yake ilipofika, akasema anapenda kupanga. Kukaa usiku na kitabu na kutafuta vitu viwili vinavyoshikana, hiyo ndo raha yake kuliko hata pambano.

Hilo la mwisho ndo lilifungua mlango. Kama raha yake ni kupanga, basi kuna wahusika wanne wengine wa kupangwa.

Tukaamua hivi. Marufuku ikaondolewa, kipaji kikabaki. Tableti ikawa ya meza, vikao viwili vikatumika kusoma kwa sauti sura ya vipaji na matawi yote, kila mtu akaruhusiwa kujenga upya mara moja. Mpiga Mishale akapewa kazi ya kueleza, sio kuchagua: mtu akisema "nataka adui asinipite", yeye anatafuta ni ukurasa gani una hicho kitu. Na yeye mwenyewe akabadilisha mbinu moja ya tawi lake, akaacha ile ya kutisha adui akachukua ile ya kumwamuru mwenzie apige. Pia akakubali kwamba kuingia kwenye nyumba za watu ni kazi ya Mwizi, yeye anabaki nje na upinde.

Hiyo mbinu ya kuamuru nataka niieleze kwa sababu ndo moyo wa kisa chote. Mpiga Mishale anaacha pigo lake moja na ule mshale wa ziada, badala yake mwenzie anapiga hapohapo nje ya zamu yake na anaongezewa dadu ya pande 8. Sasa pigo la kuvizia la mwizi kisheria ni mara moja kwa kila *zamu*, na zamu ya mtu mwingine ni zamu nyingine. Kwa hiyo Mwizi akiamriwa, na Dada Ngao yuko pembeni ya adui, analipata tena lote. Kwa kinga 15: mishale miwili anayoiacha ina thamani ya 14.9. Pigo la Mwizi analolinunua ni wastani wa 18 jumlisha 4.5 za ile dadu ya pande 8, mara asilimia 65, sawa na 14.6. Karibu ni ileile! Kikundi hakipotezi kitu, na Mwizi anapiga mara mbili kwenye mzunguko mmoja. Mpiga Mishale alivyoiona hiyo hesabu alinyanyuka kwenye mkeka. Alitembea mpaka getini akarudi akasema tuipige tena.

Dada Ngao aliacha ile nyongeza ya nguvu aliyochukua levo ya 4 akachukua Sentinel, kipaji cha mlinzi: adui anayejaribu kumpita akipigwa anasimama palepale, na adui aliye karibu naye akimshambulia mtu mwingine, yeye anapata pigo la bure. Ukiangalia zamu yake peke yake ameshuka, kutoka 13.7 mpaka 11.4. Ila pigo la bure lina 5.7, likitokea anafika 17.1, na linatokea mara nyingi kwa sababu maadui wa Mwenye Meza wanapenda kumfuata mjomba.

Matokeo

Pambano la kwanza baada ya hapo lilikuwa kwenye jahazi linalozama karibu na mikoko, watu wa kuokoa upande mmoja, maadui wa baharini upande mwingine, na Mwenye Meza kaliandaa kabla ya haya yote kwa hiyo hakumlenga mtu. Mpiga Mishale aliamuru mara tatu. Mwizi alimwangusha kiongozi wao akiwa ananing'inia kwenye mlingoti, nje ya zamu yake. Dada Ngao alisimama kwenye ubao wa kupitia na hakuna aliyepita. Mi nilitumia uchawi wa malenga wa kuwawasha maadui mwanga, anayewapiga anarusha dadu mbili achukue kubwa, na hapo mlenga shabaha anapanda kutoka asilimia 45 hadi 70, yani karibu damu 12 za ziada kwa zamu zinazotoka kwangu. Tukaanza desturi ya kusema kwa sauti: hii 12 ya Malenga, hii 6 ya mjomba. Naona desturi hiyo imefanya kazi kubwa kuliko sheria yoyote, maana kabla ya hapo Baraka ya mjomba ilikuwa inaingia kwenye mishale ya mwingine na inapotea humo.

Mwizi alirudi. Msimu wa korosho alikosa vikao, kama kila mtu mwenye shamba huku, ila alikuwa anatuma ujumbe kuuliza tumefika wapi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichofeli

Chanzo kikubwa nakiona kwenye karatasi. Watu wawili wanaojenga, mmoja ana vipaji vingi vya kuchagua na mwingine ana kimoja, halafu tunawapima nani kazidi. Hapo hata mtu mpole namna gani atawazidi wenzake. Kwa vikundi vyetu vya huku, ambavyo vingi vinaanza na sheria za bure, hili ni jambo la kuamua kikao cha kwanza kabisa: ama wote mnatumia za bure, ama kitabu kinakuwa cha meza. Kati ya hayo mawili yoyote ni sawa, cha katikati ndo kinaleta shida. Na kikao kile cha kusoma kwa sauti kilisaidia hata kama kilichosha, maana mtu akishajua kwamba kitu kipo na akakiacha mwenyewe, hanuni akiona mwingine anacho.

Kukaza maadui kulifeli kwa sababu ya kimahesabu kabla ya kufika kwenye hisia. Nataka niwe mkweli hapa, kupandisha kinga kunampunguza mlenga shabaha: kutoka 15 hadi 18 anashuka kutoka 22.3 hadi 14.9, theluthi nzima, wakati Dada Ngao anashuka kutoka 13.7 hadi 10.5. Kwa asilimia jamaa kaumia zaidi. Lakini kwenye mkeka haionekani hivyo. Mwenye mishale mitatu akikosa miwili bado kapata mmoja, zamu yake ina kitu. Mwenye pigo moja akikosa, zamu yake yote imeisha na anasubiri watu wanne wengine. Wastani kwenye daftari hauoneshi hilo, na Mwenye Meza anayeangalia wastani tu atakaza skrubu ileile kila wiki. Ukiongeza ukuta ndo kabisa, ule ukuta kwa Mpiga Mishale haupo.

Kinachoweza kumgusa mhusika wa aina hii ni vitu visivyo vya kinga: giza kwa mfano, yeye ni binadamu haoni gizani na adui asiyemwona anamlenga kwa shida. Au pambano lenye kazi tatu mahali patatu. Jahazi lilikuwa hivyo, hakuna mshale unaomvuta mtoto kutoka majini. Ila haya yafanyike kwa sababu hadithi inayataka. Mchezaji anayewindwa anajua, na akijua atajenga kinga nyingine.

Marufuku nayo ingeumiza bila kuponya. Ukikitoa kile kipaji, Mpiga Mishale anabaki na 13.7, sawa na Dada Ngao, kwenye daftari inapendeza. Lakini Mwizi angebaki na mwenzie anayeingia naye kila nyumba, na Dada Ngao angebaki hana wa kumlinda, maana malalamiko yao hayakuwa ya damu. Ilikuwa kama timu ambayo straika anarudi mpaka kwa kipa kuchukua mpira. Ukimvua viatu bado atarudi.

Kuna kilichofeli kwenye dawa yetu pia. Mpiga Mishale alipewa kazi ya kueleza, na kwa wengi alijitahidi, ila kwa mjomba alivuka mpaka. Alimwonesha kwamba kleriki wa levo ya 5 akiita roho za kumzunguka, kila adui anayesogea anapata wastani wa damu 13.5, nusu akijitetea, na kwa maadui wanne hakuna anayemfikia pale mezani. Hesabu ni sahihi kabisa. Mjomba akakubali kwa heshima, akacheza nayo vikao kadhaa, na kila mara akawa anakaa kimya. Ule uchawi unahitaji umakini na Baraka inahitaji umakini, huwezi kushika viwili, kwa hiyo alikuwa ameacha kitu pekee alichosema wazi kwamba anakipenda. Dada Ngao ndo alimuuliza, "Mjomba, Baraka yako iko wapi siku hizi?" Akarudi kwenye Baraka wiki ileile. Kikundi kinatoa damu pungufu kwenye mapambano ya watu wengi na hakuna aliyelalamika.

Na zamu ndefu bado hatujazimaliza. Kuamuru kunapunguza mishale ya kurusha, ila kunaongeza mjadala wa nani aamriwe. Sasa hivi tunajaribu anayefuata aanze kuchagua dadu zake wakati mwenzie bado anarusha, na Mwenye Meza kaagiza seti ya pili ya dadu kutoka Dar. Kuna pia suala la sheria mpya za 2024, ambamo kile cha kujipunguzia 5 uongeze 10 kimeondolewa kabisa kwenye Sharpshooter. Mwenye Meza aliuliza kama tuhamie huko. Kura ya kwanza ya hapana ilikuwa ya Mwizi, alisema Mpiga Mishale abaki na upinde wake, maana yeye kashazoea kupigiwa kelele "piga sasa hivi" akiwa juu ya paa la watu.